Umejifanyia Nini?

Kuna swali ambalo katika nchi yetu ya Kenya lina umri mkubwa kuliko wengi wa wananchi wake, nalo halijapata jibu linaloniridhisha. Liliulizwa hadharani mwezi wa Aprili mwaka 1965, huko Kandara katika Murang'a. Muulizaji alikuwa Rais Jomo Kenyatta, na aliyelengwa ni Mbunge wa mahali pale pale, Bildad Kaggia. Mzee alianza kwa kuwataja waliofungwa pamoja naye mmoja mmoja. Paul Ngei amepanda kahawa tele. Fred Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri. Kung'u Karumba ana mabasi yake. Na wewe Kaggia, tuliyekaa gerezani pamoja, umejifanyia nini?

Kabla ya kulipima swali hili, hapana budi tumjue aliyeulizwa. Kaggia alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Mwingereza, akafika Mashariki ya Kati na hatimaye Uingereza kwenyewe. Huko aliyaona mambo mawili ambayo wamisionari hawakuwa wamemwambia: kwamba mzungu anaweza kuwa maskini na mfagiaji wa barabara kama mtu mwingine yeyote, na kwamba dini si mali ya wamisionari. Aliporudi alianzisha kundi lake la dini, ambalo watu waliliita Dini ya Kaggia, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1951 yeye na Kubai walishika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU, nalo likawa tawi kali kupita makao makuu. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa pamoja na wenzake. Aprili 1953, mahakama ya Kapenguria ilimhukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Hakuwa mtu huru tena mpaka mwaka 1961.

Kesi ile yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa somo juu ya swali letu. Hakimu aliyeisikiliza, Ransley Thacker, alilipwa pauni 20,000 na serikali ya kikoloni, kando ya mshahara wa kazi yake. Shahidi mkuu wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo ambayo ndani yake mlikuwa na masomo Uingereza. Hao wawili kila mmoja alijifanyia kitu. Katika chumba kile, waliotoka mikono mitupu ni washtakiwa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Kaggia alichaguliwa Mbunge wa Kandara na kupewa cheo katika Wizara ya Elimu, chini kidogo ya waziri. Hakukaa sana. Ugomvi wake na serikali ulikuwa juu ya ardhi. Mpango mkubwa wa wakati ule ulikuwa kununua ekari zipatazo 1,000,000 kwa walowezi na kuzigawia familia kama 35,000, kwa fedha nyingi za mkopo ambao wagawiwa wangeulipa kidogo kidogo. Kaggia aliuliza jambo ambalo mtoto angeliuliza: mtu anunueje kilichoibwa kwake? Naye alikuwa na watu maalumu kichwani mwake. Wapo waliorudi kutoka kambi za kizuizini wakakuta mashamba yamepimwa na kuandikishwa kwa majina ya wengine, mara nyingi ya wale waliokuwa upande wa mkoloni. Aliandika, akalalamika, akaambiwa aache kuipinga serikali ambayo yeye mwenyewe yumo ndani yake. Mwaka 1964 akawa nje ya serikali. Mwaka uliofuata likaja lile swali.

Mimi ni mtu wa Pwani, na pengine msomaji atajiuliza Kandara inanihusu nini. Inanihusu kwa sababu huku Kilifi nimekulia katikati ya maskwota, watu walioitwa wavamizi juu ya makaburi ya babu zao. Hati za umiliki za ukanda wetu zilianza kutolewa chini ya sheria ya mwaka 1908, na ambao hawakujua kusoma tangazo hawakujua pia kwamba siku ile walikuwa wamehamishwa bila kuondoka. Kaggia hakuwa akitusemea sisi, lakini kwetu swali lake lilieleweka bila mkalimani.

Sasa nataka kuwa mwadilifu kwa Mzee, maana ni rahisi mno kumfanya mwovu na kumaliza habari. Swali lake halikuwa la kipuuzi. Katika fikra za Wakikuyu wa kale, mtu hujulikana kwa jasho lake. Ardhi iliyolimwa na boma lililojaa ni ushahidi kwamba mwenyewe anajitawala, na asiyejitawala atatawalaje wengine? Wala si Wakikuyu peke yao. Sisi nasi twasema mkono mtupu haulambwi. Tunapokwenda kumposea kijana wetu, husimama mzee wa upande wa pili akauliza kwa adabu, lakini akauliza: kijana ana nini? Hatumwoni mzee huyo kuwa mlafi. Tunamwona ana akili, kwa kuwa binti yake hatakula maneno.

Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harambee iliyojenga madarasa sita na nyumba mbili za walimu. Saruji, mbao, na bati zilipitia mikononi mwangu kwa mamia. Nilipostaafu, jikoni kwetu palikuwa pameezekwa makuti, na mvua ya masika ilipokuja mke wangu alikinga sufuria mbili chini. Siku moja mwanangu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa ameachishwa kazi mjini, alitazama zile sufuria kwa muda, kisha akasema: "Baba, bati zote zile!" Hakusema zaidi. Hakuwa akinishauri niwe mwizi. Alikuwa akiniuliza kama mapenzi yangu kwa watoto wa watu yalikuwa makubwa kuliko niliyokuwa nayo kwa mama yake.

Hilo ni swali la haki, nami nilimjibu kwa unyenyekevu jinsi nilivyoweza. Hata hivyo naliona kuwa si sawa na lile la Kandara, ingawa maneno yanafanana. Mwanangu aliuliza akiwa upande wa wale waliopungukiwa. Mzee aliuliza akiwa ndiye mwenye kugawa. Mashamba, leseni, mikopo, nafasi katika bodi, vyote vilikuwa vinapita kwenye meza yake au meza za watu wake. Mwenye kugawa akikuuliza mbona huna, anakukumbusha kwamba sahani ilipitishwa nawe hukunyoosha mkono. Halafu hakumuuliza Kaggia umewafanyia nini watu wa Kandara, swali ambalo lingekuwa na maana mbele ya wapiga kura wake. Alibadili mtu wa kutolewa hesabu. Mbunge aliyetumwa na wenzake alitakiwa siku ile ajitolee hesabu kwa nafsi yake mwenyewe, na wale waliomtuma wakawa watazamaji.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomsifu Kaggia kwa umaskini wake. Umaskini si sifa. Sijaona mtu aliyekuwa bora kwa kukosa viatu. Naamini kitu alichokilinda Kaggia ni ulimi. Angalipokea shamba la mlowezi kwa mkopo wa serikali mwaka 1964, angalisemaje mwaka 1965 kwamba mashamba yale yasinunuliwe? Angaliweza kusema, bila shaka, na watu wangalicheka. Zawadi ya mkubwa haihitaji masharti yaliyoandikwa. Unaipokea, unashukuru, na tangu siku hiyo kuna sentensi fulani ambazo zikifika kooni zinageuka kikohozi. Nimewaona walimu wenzangu, watu hodari, waliopewa kiwanja kimoja tu nyuma ya soko, wakawa wanatazama dari kila mkutano ulipofikia habari za viwanja.

Wale waliotajwa kama mifano ya kuigwa nao walikuwa na safari zao. Karumba alikwenda Uganda kwa shughuli za biashara mwaka 1974, enzi za Idi Amin, hakuonekana tena. Ngei alipopatikana na hatia ya uchaguzi, Katiba ya Kenya ilibadilishwa mwaka 1975 ili Rais aweze kumsamehe na kumruhusu kugombea. Miaka kama kumi na mitano baadaye alipoteza kiti chake cha Bunge kwa kufilisika. Siyataji haya kwa kuwacheka, maana wote wawili waliteswa kwa ajili yetu, na mali haikuwa kosa lao. Nayataja kwa sababu siku ile Kandara mali ilizungumzwa kana kwamba ni mwamba.

Kaggia mwenyewe alijiunga na Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU mwaka 1966, akawa makamu wake. Serikali ikapitisha upesi sheria kwamba anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi ule mdogo wa Juni 1966, KPU ilipata viti 9 kati ya 29, na Kaggia hakuwa miongoni mwa walioshinda. Kandara, ambayo ardhi yake ndiyo iliyomponza, ilimkataa. Kampeni haikuwa ya haki, hilo linajulikana, lakini sitaki kuwavua watu wa Kandara akili zao kwa kusema walilazimishwa tu. Wengi walipima. Huku kuna mtu anayesema kweli asiye na kitu cha kutoa, huku kuna serikali yenye barabara na shule. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na Kenya huru, kwa kosa la mkutano usio na kibali. Mwaka 1969 alirudi KANU, na baadaye akapokea uongozi wa bodi ya serikali. Hakurudi tena Bungeni. Wapo wanaoona kurudi kule kuwa ni kushindwa. Mimi namwona mtu wa miaka karibu hamsini, mwenye mke na watoto, aliyefungwa na serikali mbili. Waliomtaka aendelee hawakuwa wakimlipia karo.

Maana gharama hiyo, ndugu msomaji, haimhusu mwenye msimamo peke yake. Aliyeapa ni mmoja, wanaofunga mkanda ni jamaa nzima, nao hawakuulizwa. Tanzania ilijaribu kuliondoa tatizo hili kwa sheria: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha, ili kusiwe na wa kumuuliza umejifanyia nini. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sisi tulikwenda upande mwingine. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara huku wakiwa kazini, na kwa hiyo swali la Kandara likapata mhuri. Tangu hapo afisa ardhi aliweza kuwa dalali wa ardhi, na daktari wa hospitali ya umma mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 juu ya ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria ni orodha ndefu ya watu waliolijibu swali vizuri.

Kaggia alifariki tarehe 7 Machi 2005. Miaka mitano baadaye tukapata Katiba yenye sura nzima, ya sita, juu ya uadilifu wa viongozi. Wakati wa kampeni za mwaka 2022, wagombea wawili wa kiti cha wadi walifika uwanja wetu wa shule juma moja. Mmoja alikuja na magari matatu. Mwingine, kijana aliyekuwa ametetea maskwota mahakamani kwa miaka, alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alizungumza vizuri. Alipomaliza, bibi mmoja aliyekaa mbele, mwenyewe skwota, akanyanyua mkono na kumuuliza bila ubaya wowote: "Mwanangu, kama wewe hujajijenga, sisi utatujenga na nini?" Watu wakapiga makofi. Kijana akatabasamu, akaanza kueleza habari ya kesi iliyokuwa bado mahakamani, lakini wengi walikuwa wameshainuka na kukung'uta nguo. Mimi nilimpigia kura yangu. Mke wangu alimpigia yule wa magari, naye alinieleza sababu zake njiani tukirudi, moja baada ya nyingine, na nyingine hata sasa sijazipatia jibu.