Je, Kijana Mkristu Aache Pombe?

Jioni moja kijana wa miaka 24, mwalimu wa shule ya msingi, alikwenda kwa baba yake mdogo. Akaketi kimya, kisha akasema: «Baba, nataka shauri. Mimi si mlevi. Sijalala njiani hata siku moja, wala sijakosa kazi kwa sababu ya pombe. Lakini kila Jumamosi nakaa na wenzangu, tunakunywa, na Dominika asubuhi naingia katika Misa na kichwa kizito. Je, niache kabisa, ama niendelee kwa kiasi?»

Mzee hakujibu upesi. Akasema: «Mwanangu, ungeniuliza juu ya ulevi, ningekujibu mara moja. Lakini umeniuliza juu ya kunywa, na hilo ni jambo jingine.»

Alisema kweli. Ulevi ni dhambi, na kila mkristu ajua. Anayejinyang'anya akili kwa kusudi amejinyang'anya kitu ambacho Mungu alimpa ili asiwe kama mnyama. Swali la kijana huyu ni gumu zaidi, maana ni swali la mtu mwenye adabu, ambaye hakuna mtu anayemshitaki ila dhamiri yake. Nadhani vijana wengi wa maparokia yetu wanalo swali hilohilo, nao wanaona haya kulitamka.

Kitu chenyewe si kibaya

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako watu wanaosema kwamba pombe ni kitu cha shetani, na kwamba aliyeonja amekwisha kupotea. Katika Kongo yetu madhehebu mengi huikataza kabisa. Wakimbangu, kwa mfano, hawainywi. Tunawaheshimu kwa bidii yao, lakini Kanisa Katoliki halifundishi hivyo. Bwana wetu Yezu Kristu alifanya mwujiza wake wa kwanza katika karamu ya arusi huko Kana, akayageuza maji ya mitungi sita kuwa divai, tena divai njema. Katika kila Misa padri huweka divai altareni. Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Basi tukisema kitu chenyewe ni kibaya, tunamtukana aliyeumba mzabibu na mgomba.

Tena kwetu Kivu pombe ina heshima yake. Ndizi huivishwa siku kadhaa, hukamuliwa kwa majani, huchanganywa na maji na unga wa mtama, halafu huachwa zichachuke. Hiyo ndiyo kasiksi. Mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba hamna sumu. Posa haiendi bila pombe, na majirani waliokuja kusaidia kujenga nyumba hawarudi kwao na koo kavu. Anayekataa bila kusema neno huonekana kama anayekataa undugu. Ndiyo sababu kijana wetu aliogopa. Akiagiza limonadi, wenzake watamwuliza: «Umebadili dini?»

Lakini tazameni neno moja. Pombe ya wazee wetu ilikuwa na kipimo ndani yake yenyewe. Ilitaka siku nyingi kutengenezwa. Chungu kikiisha kimekwisha, na kesho yake watu wakarudi shambani. Siku hizi bia haiishi. Ukimaliza chupa moja, kasha zima li nyuma ya mlango, na muziki unakuambia ungoje kidogo. Na hiyo kanyanga, iliyo kali mara nyingi kuliko kasiksi, yauzwa kwa bei ndogo. Tena iliyotengenezwa vibaya yaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Basi anayesema: «Nafuata desturi ya mababu», na ajiulize kama anafuata na kipimo chao. Wengi wetu tumeshika desturi na kutupa kipimo.

Njia nne za kukosa

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alichunguza jambo hili katika kitabu chake kikubwa cha teolojia. Alifundisha kwamba kunywa divai si haramu kwenyewe, lakini kwaweza kuwa kubaya kwa njia nne: mnywaji akiwa mtu anayedhurika upesi, akiwa amefunga nadhiri ya kuiacha, akipita kiasi, tena akiwakwaza wengine. Aliongeza kwamba fadhila ya kiasi yawapasa hasa vijana, kwa sababu tamaa ina moto katika ujana.

Kijana wetu hakuwa amefunga nadhiri. Juu ya kiasi, alijidai hapiti. Lakini kichwa kile kizito cha Dominika kilikuwa shahidi wa upande wa pili. Kwenda kumpokea Bwana huku akili bado iko katika meza ya jana si dhambi kubwa, lakini si jambo dogo.

Juu ya madhara ya mwili, siku hizi twajua mengi kuliko wazee wetu. Mwaka 1988 wataalamu wa kimataifa wa kansa waliweka vileo kati ya vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta ugonjwa huo. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mwaka 2024 likaeleza kwamba katika mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6, na kwamba watu wa miaka 20 hadi 39 ndio walioumizwa nayo zaidi. Hayo hayafanyi bilauri moja kuwa dhambi. Lakini yanatuondolea udhuru mmoja: hatuwezi tena kusema kwamba twanywa kwa ajili ya afya. Timoteo alipewa dawa ya zamani zake. Sisi tumbo likiuma twakwenda kwa mganga wa hospitali.

Yabaki njia ya nne. Hapo mzee alimwuliza kijana: «Mnaketi watu wangapi?»

«Watano, Baba.»

«Kati ya watano, ni nani asiyeweza kuinuka?»

Kijana aliinamisha kichwa. Alimtaja rafiki yake wa utoto, waliyebatizwa pamoja. Huyo alikwisha kuuza baiskeli ya baba yake, na watoto wake wamefukuzwa shuleni kwa kukosa karo.

«Akikosa franga, nani anamlipia?»

«Kila mtu kwa zamu yake. Hata mimi.»

«Basi, mwanangu, ulikuja kuniuliza juu ya chupa yako. Mimi naona inafaa tuzungumze juu ya chupa yake.»

Kosa la mwingine, mzigo wa nani?

Labda msomaji atasema: «Kosa ni la yule. Kwa nini mwenye nguvu ajinyime kwa ajili ya mdhaifu? Na tukiacha kila kitu ambacho mtu mmoja anakitumia vibaya, tutabaki na nini?» Neno hilo lina ukweli wake. Mwenye duka la visu hahukumiwi kwa ajili ya muuaji. Wala hatuwezi kuishi kana kwamba kila udhaifu wa ulimwengu umewekwa mlangoni petu.

Lakini huyu si mtu wa mbali. Ni mtu wa meza moja. Ukitembea na ndugu mwenye mguu uliovunjika, husemi: «Njia ni ya watu wote, mimi nina haki ya kukimbia.» Kweli, haki unayo. Lakini ukiitumia, yeye atabaki nyuma peke yake, na usiku unaingia. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba afadhali mtu aache nyama na divai kuliko kumwangusha ndugu yake. Hakusema nyama ni mbaya, wala divai. Alisema ndugu ana thamani kuliko vyote viwili.

Wengine watasema: «Nikiacha kunywa nitawapoteza rafiki.» Ni hofu ya kweli, tusiicheke. Kijana asiye na wenzake ni kama jiko lenye kuni moja. Lakini undugu wetu uko wapi, katika chupa ama katika kuketi pamoja? Ukweli wake wajulikana kwa njia rahisi: keti pale pale, cheka vile vile, lipa zamu yako ya chakula, lakini unywe limonadi. Wakikupokea, hukupoteza kitu. Wakikufukuza, umejua kwamba walipenda mkono wako ulioinua chupa, si wewe.

Jaribu kabla ya kuahidi

Basi aache? Mzee hakumwambia: «Funga nadhiri leo.» Nadhiri mbele ya Mungu si neno la jioni moja, yataka shauri la padri anayekuungamisha. Alimwambia ajaribu siku 40 za Kwaresima, bila tone.

Shauri hilo si geni katika Kanisa. Huko Ireland, nchi iliyoumizwa sana na ulevi, padri Theobald Mathew, Mkapuchini, alianza mwaka 1838 kuwaita watu waahidi kuacha vileo, na wakaja makundi makubwa. Mwaka 1898 padri James Cullen, Myezuiti, alianzisha Dublin chama cha Mapainia wa Moyo Mtakatifu. Hao huacha pombe si kwa kuichukia, bali kama sadaka kwa ajili ya wale walioshikwa nayo. Na huko huko Dublin Matt Talbot, mfanyakazi maskini aliyekuwa mlevi tangu utoto, aliahidi mwaka 1884 kwa miezi 3 tu. Kisha akarudia ahadi, mpaka ikawa ya maisha. Alikufa mwaka 1925, na Kanisa likamwita Mheshimiwa mwaka 1975. Tazameni hekima yake: aliyekuwa na deni kubwa kabisa alianza kulipa kwa fungu dogo.

Jaribio la siku 40 linafunua mambo mawili. Ukiona kuacha ni vyepesi, umejua kwamba u huru, na sasa unaweza kuchagua bila woga. Ukiona mkono unatetemeka, hasira inapanda, na kila Jumamosi unatafuta sababu ya kuvunja neno lako, umekwisha kupata jibu ulilokuja kuliuliza. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayechovya hasikii buyu likiisha. Yasikika tu ukitoa kidole.

Onyo moja kwa yule atakayeacha. Asigeuke hakimu wa meza za watu. Yohane Mbatizaji hakunywa divai, na watu walisema ana pepo. Bwana wetu alikula na kunywa, nao wakamwita mlevi. Wote wawili walifanya mapenzi ya Mungu. Mwenye kunywa kwa kiasi na kushukuru asimcheke asiyekunywa; na asiyekunywa asijione mtakatifu kwa sababu ya limonadi.

Kijana wetu alishika siku zake 40. Jumamosi ya kwanza walimcheka. Ya tatu walisahau. Alikataa kulipa chupa ya rafiki yake, na rafiki alikasirika sana, wakakaa majuma mawili bila kusemezana. Kisha usiku mmoja yule akainuka mezani kabla ya wengine, akasema: «Twende pamoja, wewe unaona njia.» Wakaenda. Hatuwezi kusema kwamba amepona. Jumamosi nyingine bado anabaki mezani mpaka mwisho. Lakini yuko mtu mmoja kati ya watano awezaye kumfikisha nyumbani, kwa mkewe na kwa watoto wake.

Baada ya Pasaka mzee alimwuliza: «Sasa utafanyaje?» Akajibu: «Baba, mimi naweza kunywa. Lakini nitaongeza mpaka Noeli.»

Msomaji mpenzi, labda kwako jibu litakuwa jingine. Lakini Jumamosi ijayo, kabla ya kufungua chupa, tazama wale walioketi pamoja nawe, mmoja mmoja, ujiulize ni nani asiyeweza kuinuka. Na kama ni wewe, usingoje Kwaresima.