Ushahidi wa Msafiri

Mtu aendaye nchi za mbali akarudi huwa amepata cheo ambacho hakukiomba. Jana alikuwa jirani kama majirani wengine, leo anasikilizwa. Neno lake juu ya nchi ile haliwezi kupingwa na yeyote kijijini, maana hakuna mwingine aliyefika. Watoto humzunguka, wazee humwandalia kiti, naye hutamani kuwapa watu hao habari inayostahili kiti walichomwandalia. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji kijana, ni hili: msafiri ana haki ya kusema nini? Ameona vitu vidogo vidogo kwa siku chache. Je, vitu hivyo vyamruhusu kuhukumu taifa zima? Na kama havimruhusu, anyamaze?

Sisi tukaao kando ya Mlima Kenya tuna mfano wa karibu sana. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alisema kuwa ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Mwaka wa pili yake, 1849, mwenzake Johann Ludwig Krapf aliuona mlima wetu kutoka Kitui, nchi ya Wakamba, akaleta habari kama hiyo. Huko London alikuwako mwanachuoni wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga pande hizi. Yeye alikana. Theluji karibu na ikweta ilikuwa kwake jambo la muhali, na watu wengi wenye elimu walimwamini yeye kuliko waliosafiri. Habari ya mlima wetu ilikaa katika mashaka hata mwaka 1883, Joseph Thomson alipouona kwa macho yake.

Lakini kinachonivuta mimi katika kisa hiki si Krapf wala Cooley. Ni watu wa Embu. Krapf aliandika kuwa aliambiwa nao ya kwamba hawapandi juu sana mlimani kwa sababu ya baridi kali, na kwa sababu ya kitu cheupe kiporomokacho kwa kishindo kikubwa. Yatazame maneno hayo yalivyo na adabu. Hamna ndani yake jina la kitu kile. Mna rangi yake, mwendo wake na sauti yake, na hapo msemaji ameishia. Krapf, ambaye kwao barafu ni jambo la kila mwaka, aliyasikia akatambua ni nini kilicho juu. Cooley alikuwa na vitabu vyote, akakosa. Watu wale hawakuwa na kitabu hata kimoja, wakasema kweli, kwa kuwa hawakuongeza neno juu ya walichokiona. (Theluji ile imepungua mno siku hizi. Mwanafunzi wa Embu atazamaye mlimani leo asubuhi haoni walichokiona wao.)

Mimi nami nilipata nafasi ya kukaa majuma 3 katika mji wa Edinburgh, nchi ya Uskoti, mwezi wa Juni, pamoja na walimu wengine. Nitakueleza baadhi ya niliyoyaona, na yote ni mambo madogo. Ukitafuta habari za Bunge na viwanda, utazipata kwingine.

Katika nyumba niliyokaribishwa, beseni la kunawia lilikuwa na mifereji miwili, mmoja wa maji ya moto na mmoja wa maji baridi, kila mmoja upande wake. Anawaye kwa huu huungua, na anawaye kwa ule huganda. Mwenye nyumba alinawa kwa kurusha mikono upesi huku na huku, wala hakuona ajabu. Jua lilikuwa likichwa yapata saa nne za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Mimi niliyezaliwa karibu na ikweta, mahali ambapo usiku na mchana hugawana saa kwa haki mwaka mzima, nilikuwa nikilala kwa kufunika macho kwa kitambaa. Katika bustani iliyo chini ya ngome ya mji ule viko viti virefu vya mbao, na juu ya viti hivyo vimepigiliwa vibao vya madini vyenye majina ya watu waliokufa. Mtu hufiwa na mumewe, akatoa kiti, watu wengine wakakalia. Nilikaa juu ya jina la mtu nisiyemjua nikala mkate wangu. Kwetu jina la babu hupewa mjukuu, likatumwa dukani na kukemewa na kubebwa mgongoni. Kwao hupewa kiti. Nilidhani hamu ni moja, ya jina lisipotee. Lakini hayo ya hamu ni dhana yangu. Nilichokiona ni vibao tu.

Dukani niliona mishiri, yale maharagwe mabichi membamba, imefungwa katika karatasi ya nailoni iliyoandikwa jina la Kenya. Moyo wangu uliruka. Nilitaka sana kusema kuwa imetoka Meru, katika shamba ambalo labda nimepita kando yake. Karatasi haikusema Meru. Ilisema Kenya, na Kenya ni kubwa.

Sasa nisikilize habari ya basi, maana humo ndimo nilimojifunza shaka. Kila abiria aliyeshuka alimgeukia dereva akamshukuru. Wazee, watoto wa shule, vijana waliovaa vinasa sauti masikioni, wote. Siku ya kwanza nilijiambia: hawa ni watu wa adabu isiyo kifani. Basi hilohilo nililipanda siku nyingine, nikaketi kando ya mtu mmoja kwa muda wa dakika 40. Hakuniamkia. Wala hakumwamkia aliyekaa upande wake wa pili, aliyekuwa wa rangi yake. Nilijiambia: hawa ni watu wenye mioyo ya baridi. Basi ni lilelile, barabara ni ileile, na siku baina yao ni moja. Hukumu mbili zinazopingana zilitoka mahali pamoja, na kila moja ilikuwa na ushahidi wake.

Mweke mgeni wa kutoka huko katika matatu iendayo Meru kutoka Embu. Pale kituoni ataona watu wakisukumana mlangoni bila kujali mzee wala mja mzito. Ataandika kwao kuwa sisi hatuna staha. Kabla ya kufika Chuka, mama asiyemjua atamwekea mtoto mapajani, bila kumwomba sana, ili apate nafasi ya kushika mzigo wake. Na mtoto atalala hapo mpaka Nkubu. Ataandika kuwa sisi ni watu tunaoaminiana kama ndugu. Wewe ukaaye hapa wajua kuwa yote mawili yako, na wajua pia kuwa hakuna hata moja linalokueleza wewe.

Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 akaishia kukaa Ujerumani, alilitambua jambo hili kutoka upande wa pili. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1886, aliwalalamikia watalii wanaokaa majuma machache katika miji ya Mashariki kisha wakaandika vitabu vinene juu ya maisha ya watu wa huko, pamoja na ya wanawake ambao hawakupata hata kuona nyuso zao. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Ila mimi sikubali kuwa dawa yake ni kunyamaza. Kama msafiri mkweli atafunga kinywa kwa kuogopa kukosea, atakayesema ni nani? Atasema mwongo, na kijiji kitamsikiliza kwa kuwa hakuna mwingine.

Ninampenda zaidi Martin Kayamba wa Tanganyika. Alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kutoka Kenya walikwenda Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Kayamba aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili, akakiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Lifikirie jina hilo. Halikuahidi kutueleza Waingereza walivyo. Liliahidi yale yaliyopita mbele ya macho ya mtu mmoja na wenzake, na yale waliyoyafanya kwa mikono yao. Shahidi mbele ya hakimu haruhusiwi zaidi ya hayo, na mzee wa Njuri Ncheke aamuaye mpaka wa shamba hatafurahi akiambiwa na shahidi, "Nadhani watu wa ukoo ule ni wezi." Atamwuliza aliona nini penye mpaka.

Labda utasema kuwa ninafanya jambo kubwa kutokana na mifereji na mishiri. Ningekubaliana nawe, kama maneno ya msafiri yangekuwa ya kuchekesha watu tu jioni. Sivyo yalivyo kwetu. Kwetu maneno hayo huuza mashamba.

Katika mji ule nilionana na binti wa kwetu, kutoka upande wa juu wa Runyenjes ambako majani chai yanastawi. Jina lake halina kazi hapa. Alinikaribisha chumbani kwake siku ya Jumapili akanipakulia githeri, nyingine akaigawa katika vikopo 6 vya plastiki akavipanga katika friji, kimoja kwa kila siku ya juma. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee, na zamu yake ni ya usiku. Huwageuza vitandani wasipate vidonda, huwaosha, na mmoja wao humwita kwa jina la binti yake mwenyewe aliyekufa. Hurudi kwa basi la alfajiri, akalala mchana na mapazia yamefungwa. Ni kazi ya heshima, wala yeye haionei haya. Walakini aliniambia, "Mwalimu, ukimwona mama usimwambie habari za usiku. Hatalala." Nikamwahidi.

Niliporudi nilikwenda kumwamkia mama yake. Aliniuliza, "Mwanangu yuko namna gani?" Nilimwambia kuwa ana koti zito, kuwa githeri yake haina chumvi ya kutosha, kuwa kanisa lake ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu na kuna watu wa Kenya wanaomjua kwa jina, na kuwa amenenepa kidogo. Mama alicheka habari ya chumvi. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na ahadi yangu ilikuwa salama. Ningaliishia hapo ningalilala vizuri.

Lakini aliketi pale mzee jirani, mwenye ekari 2 za majani chai. Alikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, na mnunuzi wa ekari moja alikuwa ameshapatikana. Alitoa simu yake akanionyesha picha ya yule binti amesimama mbele ya gari jeupe. "Mwalimu, wewe umefika," alisema. "Binti huyu alikwenda juzi tu, tazama. Niuze?"

Ifikirie shida hiyo, kijana, kabla hujasoma nilichokitenda. Gari lile halikuwa la binti. Aliniambia mwenyewe, tena akicheka, kuwa lilikuwa limeegeshwa tu njiani. Yeye hakupata kusema kuwa ni lake. Picha haikusema uwongo, wala mimi sikuwa nimesema uwongo, na hata hivyo mzee alikuwa karibu kuuza nusu ya shamba la baba yake kwa ajili ya uwongo ambao hakuna aliyeutamka. Ukimya uliokuwa rehema kwa mama ulikuwa mtego kwa jirani, nao walikaa kwenye benchi moja wakinywa chai ileile.

Naona kuwa siri ya mtu ni mali yake, na msafiri hana ruhusa ya kuitoa hata kwa nia njema. Lakini naona pia kuwa anayeulizwa na mtu atakayeuza shamba hana ruhusa ya kujificha nyuma ya siri ya mwingine. Baina ya hayo mawili iko njia, nayo ni nyembamba. Nilimwambia mzee yale niliyoyajua yasiyo ya mtu mmoja: kuwa aendaye Uingereza kusoma shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa juma wakati wa masomo, kuwa karo ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji, kuwa chumba hulipiwa kila mwezi, mvua inyeshe au isinyeshe, kuwa niliwaona watu wa kwetu wakifanya kazi ngumu, nyingine za saa ambazo sisi huku tumelala, na sikuona hata mmoja aliyejuta waziwazi. "Hilo la mwisho," nilimwambia, "si ushahidi kamili, maana nilikaa majuma 3, na mtu hajuti mbele ya mgeni." Juu ya gari nilisema kuwa sikumwona binti akiendesha gari lolote, tulipanda basi pamoja.

Mama alinitazama kwa muda, kisha akainuka kwenda kuongeza chai. Sijui alisikia nini katika maneno yale. Hakuniuliza, nami sikumwongezea.

Mzee alifikiri. Aliniuliza juu ya mifereji miwili, akataka nimwonyeshe kwa mikono jinsi mwenye nyumba alivyonawa, akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema atampigia binti simu yeye mwenyewe, maana aliyeko ndiye ajuaye. Nilimwambia saa ya kumpata, ambayo ni jioni, kabla hajatoka. Mwaka ule hakuuza. Kijana wake alijiunga na chuo cha ufundi mjini Embu, naye hunisalimu njiani kwa namna ambayo bado sijaelewa kama ni ya shukrani au ya lawama.