Ushahidi wa Picha za Vita

Jua ya kuwa picha iliyopigwa zamani za vita ni shahidi, na mtu aitiaye katika senema ni kama aletaye shahidi mbele ya kadhi. Kadhi humwuliza shahidi: Umeona nini, nawe ulisimama wapi? Nasi yatupasa kuiuliza picha vivyo hivyo.

Novemba 1914 manowari za Kiingereza ziliipiga Dar es Salaam mizinga, nyumba ya gavana wa Kijerumani ikaharibika; mwaka 1922 ikajengwa upya juu ya mabaki yake, nayo ndiyo Ikulu. Maangamizi ya nyumba hupigwa picha kwa urahisi, kwani gofu husimama likamngoja mpiga picha. Mpagazi aliyekufa njiani kwa kuhara damu hakumngoja mtu.

Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, wapagazi wao waliwekwa mahali palipokusudiwa soko. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps, na ndimi zetu zikalifanya Kariakoo. Vitabu vya Waingereza wenyewe vyakiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya mtu mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandiko tu, na maandiko hayo yaahidi ya kuwa majina yatakumbukwa. Yako wapi?

Sasa tuseme mtu ataka kutengeneza senema ya Kariakoo, naye hana picha. Achukua picha ya Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefuatana na jeshi la Wajerumani, yenye wapagazi wa Wajerumani, kisha asema: Hawa ndio wa Kariakoo. Akikatazwa hujibu ya kuwa taabu yao ni moja, na mtazamaji atalia vile vile.

Atalia, naam. Walakini yule pichani alikuwa na mama yake na mji wake. Akifanywa mwingine amepotea mara ya pili, na yule wa Kariakoo bado hakupatikana. Huo ni ushahidi wa uwongo, ijapokuwa nia ni njema.

Basi na aseme picha ni ya nani, na nani aliyeipiga. Asipokuwa nayo, aliache pazia tupu, asome majina yaliyohifadhiwa, hata yakiwa machache. Akitaka, awaonyeshe wachukuzi wa Kariakoo ya leo na mizigo yao, illa asiwaite kuwa ndio wale.