Je, Kuamka kwa Moyo Hugeuza Ubongo?

Tulikuwa tukirudi Mombasa kutoka Nairobi, basi likasimama Mtito Andei, pale ambapo safari huwa imefika kama nusu yake na kila abiria hushuka kutafuta chai. Baada ya kuswali tulifuatwa na kijana mmoja mwenye adabu, akatwambia: "Sheikh, tangu Ramadhani nimekuwa mtu mwingine. Miti naiona kana kwamba sikupata kuiona, na huwahurumia hata watu nisiowajua. Baba asema nimepata wazimu. Rafiki yangu asomaye udaktari asema ni ubongo tu umegeuka. Nami naogopa wote wawili wasije wakawa wamesema kweli."

Dereva alikuwa akipiga honi, tukamjibu kwa haraka, na jawabu lile halikumtosha yeye wala halikututosha sisi. Basi twaliandika hapa kwa utulivu.

Rafiki yake hakusema uongo. Mwaka 2000 mtaalamu Eleanor Maguire na wenziwe walionyesha kuwa madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kuzihifadhi njia za mji ule, sehemu ya ubongo iwekayo kumbukumbu za mahali ina tofauti na ya watu wengine: upande wake wa nyuma ni mkubwa zaidi. Ikiwa barabara zaweza kuacha alama kichwani mwa dereva, ni ajabu gani sala na kukesha navyo vikiacha alama? Na mwaka 2015 Andrew Newberg wa Marekani na wenziwe walitangaza picha za ubongo za Waislamu wachache walipokuwa katika ibada nzito, zikaonyesha kazi imepungua sehemu ya mbele. Walakini wapenda mapya wasiharakishe. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 200 walipimwa, wengine wao wakiwa wamefundishwa kutafakari kwa muda wa wiki 8, na mafunzo yale hayakuonekana kuligeuza umbo la ubongo.

Kosa la rafiki yule li katika neno lake "tu". Mwenye kuutazama mbuyu kando ya njia, ubongo wake nao hushughulika, wala hakuna asemaye kuwa kwa hivyo mbuyu haupo. Lakini mwenye homa kali naye ubongo wake hushughulika, akaona nyoka dirishani asiyekuwapo. Picha ya ubongo, basi, haimshuhudii mmoja wala haimkanushi mwingine.

Hapa pana hatari. Watu wetu hupenda mno kusikia kwamba fulani amefunuliwa. Akilia na kutetemeka humwita walii, wakampelekea ubani na fedha. Uyakini wa moyoni peke yake si hoja. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, zilianza kufukuliwa maiti ambazo mwisho zilipita 400, za watu walioambiwa kuwa kufunga mpaka kufa ndiyo njia ya kumwendea Mola wao. Hatutaji haya kwa kuwacheka jirani zetu. Sisi nasi tuna wetu.

Imamu Ghazali, mwaka 1095, ulimi wake ulizuilika darasani Baghdad, madaktari wakashindwa naye, akaacha cheo akatoka. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, huko Nishapur. Mwenyewe asimulia kwamba zamani alifundisha kwa kutafuta jaha. Kilichogeuka ni kile alichokitaka.

Tulipopanda tena basini tulimwuliza yule kijana: "Mama yako amekuonaje tangu Ramadhani?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema hajapata nafasi ya kwenda kumwona, nyiradi zimemshika. Tukamwambia aende. Tukamwambia pia kwamba akikosa usingizi siku nyingi, au akisikia sauti zikimwamrisha, amwendee daktari wala asione haya, kwani Ghazali naye alitibiwa.

Aliahidi kutuletea jawabu la mamake. Hatujalipata bado.