Nani Aliyapandisha Maji ya Ziwa?



Juma lililopita, tulipokwisha sala ya mwisho, mkatekumeni mmoja alibaki darasani. Ni mvuvi wa Ziwa Albert. Mwaka 2020 maji yalipanda, yakaingia nyumbani mwake karibu na Kasenyi. Akapanda mpaka Bunia pamoja na watoto wake. Akaniambia: «Mwalimu, jamaa zangu wanamtaja bibi mzee, jirani yetu. Wanasema ndiye aliyeyaita maji. Nami nimemchukia. Je, naweza kubatizwa?»

Ulizo hili ni letu sote. Sikilizeni basi.

Ulizo: Je, maji yaliletwa na uchawi?

Jibu: Hasha. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi, upande wa Afrika, ilipata joto kupita desturi. Mvuke ukawa mwingi, mvua kubwa mno zikanyesha. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipita kipimo chake kikubwa cha mwaka 1964. Mto Nili hutoka huko na kuingia katika Ziwa Albert. Nao Semliki huleta maji ya Ruwenzori. Je, bibi mwenye fimbo yake aweza kuipasha moto bahari? Tena nyumba yake mwenyewe ilizama.

Ulizo: Joto hilo latoka wapi?

Jibu: Tangu zamani bahari hiyo hupata joto mara kwa mara. Lakini sasa dunia yote inapata joto, na mvua za namna hiyo zinazidi nguvu. Kwa miaka zaidi ya 150 watu, hasa wa nchi tajiri, wamechoma makaa ya mawe na mafuta ya petroli. Hewa yake imeifunika dunia kama blanketi. Haba na haba hujaza kibaba. Mlima Ruwenzori ni shahidi: mwaka 1906 barafu yake ilienea kilometa za mraba 6 na zaidi, leo haifiki hata 1.

Ulizo: Je, Mungu aliwaadhibu watu wa ziwani?

Jibu: Mkumbukeni Bwana wetu Yezu Kristu alipoambiwa juu ya maafa. Aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloe, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Ila aliwaonya wasikilizaji watubu. Basi sisi wa mlimani, ambao nyumba zetu zingali zimesimama, tusijihesabu kuwa watakatifu.

Ulizo: Dhambi i wapi, basi?

Jibu: Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Anayeiharibu kwa tamaa, akijua maskini wataumia, anamwibia maskini. Kwa hiyo hayati Papa Fransisko aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato si' mwaka 2015. Aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Lakini nasi tusijifiche nyuma ya kosa la tajiri. Anayekata mti wa makala asipande mwingine anauvua mlima nguo yake. Mvua ikija, udongo wa shamba lake huenda mtoni. Na anayemsingizia mzee uchawi anavunja amri ya nane. Akimwinulia mkono, anavunja ya tano.

Mvuvi yule alinyamaza kitambo, kisha akaenda zake. Juzi nilipata habari kwamba alimtafuta bibi yule, ambaye naye amekimbilia Bunia, akampelekea chumvi na samaki wakavu. Wakaketi pamoja, wakahesabu walivyopoteza. Ubatizo wake bado. Lakini njia ameishika.

Kazi ya juma hili: kila mmoja apande mti, aumwagilie hata ushike. Tena amtembelee mtu mmoja anayetengwa kwa masingizio. Mtakaporudi, nitauliza yote mawili.

Tumsifu Yezu Kristu.