Kimya cha Mgonjwa Si Kupona

Kijana wa Muhoroni anaanguka kutoka juu ya trela ya miwa. Mfupa wa muundi unavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Hospitali kubwa mjini wanamwekea chuma, na jina lake linaingia katika utafiti wa idara ya mifupa ya chuo. Anaambiwa arudi baada ya wiki sita. Siku inafika miwa ikikatwa. Nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa nyumba nzima, na mguu, kwa kuutazama, hauna neno. Haendi. Mwezi wa nne kidonda kinafunguka, usaha unatoka, mama yake anamkanda kwa maji ya chumvi. Kule idarani faili lake ni safi: hakuna maambukizi.

Kisa nimekitunga, hesabu yake sikuitunga. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, huzipa hospitali za nchi maskini vyuma vya kuunga mifupa, vinavyowekwa hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Madaktari nao huandika kila upasuaji katika kumbukumbu za shirika. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa upasuaji 46,113 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa mfupa wa muundi, maambukizi yalikuwa asilimia 1.5. Nani asingejivunia? Lakini katika kumbukumbu hizo, wagonjwa waliorudi kuangaliwa walikuwa asilimia 23 tu, na ukiwahesabu waliorudi tu, maambukizi ya muundi yanafika asilimia 6.9.

Huenda anayerudi ni yule anayeumwa, kwa hiyo 6.9 nayo imezidi. Ukweli uko kati ya tarakimu hizo mbili, kwa watu ambao hakuna aliyewauliza. Watafiti wale walizitoa zote mbili hadharani, na hilo ni la kuheshimiwa, maana ile ndogo ingetosha kuwapatia sifa.

Mwanafunzi wa udaktari anayeandika tasnifu asijaze nafasi tupu kwa neno "amepona". Ampigie mgonjwa simu, au amtume mhudumu wa afya wa kijiji. Bajeti ya utafiti yenye fedha za mikutano lakini haina nauli ya mgonjwa ina kasoro tangu mwanzo.

Nawe uliyewekewa chuma, nauli ikikushinda piga simu kliniki useme hivyo hivyo. Ukiona usaha, usingoje tarehe.