Dawa kwa Kura: Je, Ni Halali?

Watu wengi huuliza kama ni halali kumjaribia mgonjwa dawa ambayo waganga wenyewe hawajaijua nguvu yake. Huko Ulaya na Marekani swali hilo huulizwa juu ya wazee wenye maradhi ya ubongo, na seli shina zinazotiwa kichwani mwao. Kwetu Butembo na Beni liliingia kwa mlango mwingine, yaani Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kukoma Juni 2020.

Tangu Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa katika Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Mgonjwa hakuchagua dawa, wala mganga hakumchagulia. Kura ndiyo iliyochagua. Basi wengine walichukizwa: je, uhai wa mtu ni mchezo wa karata?

Tusikasirike upesi. Kama waganga wangaliijua dawa iliyo bora, wakamnyima mtu, ingekuwa dhambi. Lakini hawakuijua. Nayo kura haina ndugu wala rafiki. Tena hakuna aliyepewa maji matupu. Kila mmoja alipata dawa iliyotumainiwa. Agosti 2019, ilipoonekana kwamba mbili zaokoa kuliko nyingine, zile zilizoshindwa ziliondolewa. Kati ya waliopewa ZMapp karibu nusu walikufa; kati ya waliopewa mAb114 au REGN-EB3, kama theluthi moja.

Linalotutia shaka zaidi ni ruhusa. Mtu mwenye homa kali, anayeelezwa mambo na watu waliojifunika mpaka macho, ana hiari gani? Papa Pio XII, alipowahutubia wataalamu wa mishipa ya fahamu mwaka 1952, alifundisha kwamba mganga hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo alama ya kidole juu ya karatasi haitoshi. Yapasa aelezwe kwa Kinande au Kiswahili, na ajue kwamba akikataa hatanyang'anywa kitanda wala uji.

Liko na deni. Dawa ya mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Leo haki ya kuitengeneza inashikwa na kampuni ya Marekani. Damu ilikuwa ya Mkongo, na wagonjwa 681 waliojaribiwa walikuwa wa kwetu. Mtu akija kesho na dawa nyingine ya kujaribu, tumwulize kwanza: ikifaa, itawekwa katika ghala gani, na ufunguo atashika nani?